Kuhesabu kwa Maneno ya Mkopo: Historia ya Maneno ya Idadi katika Kisiwi na Lugha Nyingine Zilizokutana na Kiarabu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maneno ya idadi katika Kisiwi, lugha ya jamii ndogo ya oasisi ya Siwa nchini Misri, ambayo imebaki na maneno mawili tu ya asili katika kuhesabu, huku mengine yote yakitoka katika Kiarabu. Hali hiyo inalinganishwa na ya Kikorandje cha Algeria, Kidomari cha Jerusalem na Kiswahili. Makala yanajenga hoja kwamba mpaka kati ya maneno ya asili na ya mkopo unaeleza mahali ambapo hesabu ilifanywa, na nani aliyeshiriki, kuliko unavyoeleza uhai wa lugha. Kwa hiyo, idadi ya maneno ya kuhesabu yaliyokopwa haifai kutumiwa kama kipimo cha udhaifu wa lugha, wala kama ushahidi wa asili yake.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu ukopaji wa maneno, maneno ya idadi yamepewa nafasi ya pekee. Kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa sehemu ya msamiati wa msingi, yaani maneno ambayo lugha haiyaachi kwa urahisi, kama majina ya viungo vya mwili na ya jamaa wa karibu. Kutokana na dhana hiyo, lugha inapokutwa ikihesabu kwa maneno ya wengine, hukumu mbili hutolewa haraka. Ya kwanza ni kwamba wazungumzaji hawakuwa na hesabu kabla ya kukutana na wageni. Ya pili ni kwamba lugha hiyo imekwisha kuliwa hadi kwenye mifupa na haina muda mrefu wa kuishi.

Hukumu hizi si ngeni kwa wanafunzi wa Kiswahili. Maneno sita, saba na tisa, pamoja na ishirini, thelathini, mia na elfu, yamewahi kutumiwa na wasio wanaisimu kudai kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Wanaisimu wamelijibu dai hilo kwa kuonyesha mfumo wa ngeli, viambishi vya kitenzi na msamiati wa Kibantu. Hata hivyo, mara nyingi jibu hilo huyaacha maneno ya idadi pembeni, kana kwamba ni doa la kustahi badala ya ushahidi wa kuchunguzwa. Makala haya yanayarejesha katikati ya mjadala, kwa kuanza na lugha ambayo imekopa maneno ya idadi kupita Kiswahili.

2.0 Siwa na Lugha Yake

Siwa ni oasisi iliyo magharibi ya Misri, takribani kilomita 50 kutoka mpaka wa Libya. Wakazi wake wameishi kwa mitende, mizeituni na maji ya chemchemi. Lugha yao, Kisiwi, ni ya jamii ya lugha za Kiberber, ambazo leo huitwa pia Kiamazigh, na ndiyo ya mashariki zaidi kati ya lugha zote za jamii hiyo. Imezungukwa na Kiarabu pande zote: Kiarabu cha wafugaji wa jangwani, Kiarabu cha bonde la Nile na Kiarabu cha Libya. Misafara ya biashara na ya mahujaji kutoka Maghreb ilipita hapo kwa karne nyingi. Mwaka 1820 majeshi ya Muhammad Ali yaliiweka oasisi chini ya serikali ya Misri, na kuanzia hapo kodi, mahakama na baadaye shule vilikuja kwa Kiarabu.

Kisiwi kimeelezwa na Émile Laoust katika kitabu chake cha mwaka 1932, na kwa kina zaidi na Lameen Souag katika tasnifu yake ya mwaka 2010 na kitabu cha mwaka 2013. Maelezo hayo yanaonyesha kwamba athari ya Kiarabu haikuishia kwenye majina ya vitu. Kisiwi kimechukua kutoka Kiarabu kigezo cha kuunda sifa za kulinganisha, yaani maumbo ya maana ya “kubwa zaidi” au “ndogo zaidi”, na kukitumia hata kwa mizizi ya Kiberber. Hilo ni jambo la nadra, kwa sababu lugha nyingi hukopa neno lakini haziukopi utaratibu wa kuunda maneno.

Katika kuhesabu, maneno ya Kiberber yaliyobaki ni mawili: ejjen, “moja”, ambalo huwa ejjet kwa nomino za kike, na sen, “mbili”, ambalo huwa snet. Kuanzia tatu na kuendelea, Msiwi huhesabu kwa maneno ya Kiarabu.

3.0 Ushahidi wa Kilichokuwapo Kabla

Je, Wasiwi walikuwa na maneno ya tatu hadi kumi kabla ya Kiarabu? Ulinganishi na lugha za jamii moja unatoa jibu lisilo na shaka. Kitashelhiyt cha kusini mwa Moroko huhesabu hivi: yan, sin, kraḍ, kkuẓ, smmus, sḍis, sa, tam, tẓa, mraw. Kituareg cha Sahara ya kati kina mfululizo wenye mizizi hiyohiyo, na Kimzab cha Algeria vilevile. Lugha zilizo mbalimbali kiasi hicho haziwezi kuwa zimebuni mfululizo mmoja kwa bahati. Ni urithi wa lugha mama ya Kiberber, na Kisiwi, ambacho neno lake sen ni ndugu wa wazi wa sin, kilikuwa mrithi kama wengine.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza inaanguka. Kilichotokea Siwa si kujaza pengo, bali ni kubadilisha maneno yaliyokuwapo. Jambo hili ni muhimu kwa sababu waandishi wa enzi ya ukoloni walikuwa wepesi kuugeuza upungufu wa maneno kuwa upungufu wa akili. Hawakujiuliza ndugu wa lugha ile wanahesabuje.

Ulinganishi huo unaonyesha pia kwamba mpaka wa ukopaji haufanani katika jamii nzima ya Kiberber. Kitashelhiyt na Kituareg vimehifadhi mfululizo wote hadi kumi. Kikabyle cha Algeria, kama Kisiwi, kwa desturi kilibaki na mawili. Kirifi cha kaskazini mwa Moroko kimebaki na neno moja tu, la “moja”, na hata “mbili” ni ya Kiarabu. Ikumbukwe kwamba Kirifi kina wazungumzaji wengi kuliko Kisiwi kwa mbali sana. Ukubwa wa jamii, basi, haukulinda mfululizo.

4.0 Kwa Nini “Moja” na “Mbili”

Swali linalofuata ni kwa nini maneno madogo ndiyo yaliyobaki. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba hutumika mara nyingi zaidi. Maelezo hayo ni kweli kwa kiasi, lakini hayatoshi, kwa sababu tatu nayo hutumika sana.

Sababu ya pili ipo katika sarufi. “Moja” na “mbili” hazifanyi kazi ya kuhesabu peke yake. Katika Kiswahili, mtu mmoja katika simulizi si lazima awe kinyume cha watu wawili. Mara nyingi ni mtu fulani ambaye msikilizaji bado hajamfahamu. Kuna pia matumizi kama mmoja baada ya mwingine, sote wawili, na kwa pamoja. Neno lililosukwa katika sarufi kwa njia hii haling’olewi kwa urahisi na bei ya sokoni, kwa sababu muda mwingi halitumiki kutaja bei. Nne au saba hazina kazi ya pili ya namna hiyo. Kazi yake ni kutaja idadi, na lugha nyingine inapoitawala kazi hiyo, maneno hayo hayana mahali pengine pa kujihifadhi.

Upatanisho wa kisarufi unaunga mkono maelezo haya. Katika Kitashelhiyt na Kituareg, maneno ya idadi kuanzia moja hadi kumi hupatana na nomino kijinsia. Katika Kisiwi, upatanisho huo umebaki pale palipobaki maneno ya asili: ejjen na ejjet, sen na snet. Maneno ya mkopo hayakuingizwa katika utaratibu huo. Hapa msomaji wa Kiswahili ataona jambo analolijua. Tunasema vitabu viwili, vitabu vitano, vitabu vinane, lakini vitabu sita, vitabu saba, vitabu tisa. Neno la Kibantu huvaa kiambishi cha ngeli, la Kiarabu halivai. Kumi ni la Kibantu na halivai kiambishi hicho, lakini sababu yake ni tofauti: kumi ni nomino yenye wingi wake, makumi, na tangu zamani halikuwa kivumishi.

5.0 Soko, Hati na Msikiti

Iwapo sarufi inaeleza kilichobaki, historia ya jamii ndiyo inayoeleza kilichoondoka. Hesabu ni tendo kabla ya kuwa msamiati, na katika jamii za oasisi tendo hilo lilifanywa zaidi katika mazingira matatu ambamo Kiarabu kilikuwa lugha ya pande zote.

La kwanza ni soko. Mkulima wa tende alipouza mavuno kwa mfanyabiashara wa msafara, idadi ndiyo sehemu ya mazungumzo ambayo haikuruhusu kosa. Mtu aweza kusikia vibaya sifa ya bidhaa na biashara isiharibike. Akisikia vibaya bei, imeharibika. Kwa hiyo, hata pale ambapo mengine yote yalisemwa kwa ishara au kwa lugha iliyochanganywa, idadi ilihitaji neno moja linalojulikana kwa wote.

La pili ni hati. Kisiwi hakikuwa na desturi ya maandishi. Kumbukumbu za oasisi, ikiwa ni pamoja na hati mashuhuri ya historia ya mji iliyohifadhiwa na wenyeji, ziliandikwa kwa Kiarabu. Mikataba ya mitende, madeni na mgawo wa urithi vilifuata njia hiyo. Mtu aliyetaka kujua haki yake kwenye karatasi alipaswa kuzijua idadi katika lugha ya karatasi.

La tatu ni dini. Uislamu una idadi nyingi ndani yake: rakaa, siku za eda, nisabu ya zaka, mafungu ya mirathi. Kiswahili chenyewe ni shahidi mzuri. Majina ya mafungu ya urithi, nusu, robo, thumni, theluthi na sudusi, yote ni ya Kiarabu. Arobaini ya matanga, na hata ile methali isemayo kuwa siku za mwizi ni arobaini, zimeingia katika maisha ya watu ambao pengine hawajui neno jingine la Kiarabu.

Katika mazingira hayo, kilichokopwa hakikuwa neno mojamoja. Maneno ya idadi hujifunzwa kwa mfululizo, kama wimbo usiokatwa katikati. Mtoto aliyefunzwa kuhesabu chuoni au dukani aliupokea mfululizo mzima. Ndiyo maana katika Kisiwi hatukuti tatu ya Kiarabu, nne ya Kiberber na tano ya Kiarabu. Mfululizo wa mkopo uliungana na mabaki ya asili mahali pamoja tu, baada ya mbili.

6.0 Tabelbala na Jerusalem

Lugha nyingine mbili zinasaidia kupima hoja hii. Ya kwanza ni Kikorandje, kinachozungumzwa na watu elfu chache katika oasisi ya Tabelbala, kusini-magharibi mwa Algeria. Ni lugha ya jamii ya Kisonghay iliyo mbali sana na ndugu zake wa bonde la mto Niger. Wataalamu wanauhusisha uwepo wake hapo na njia ya misafara kati ya Sijilmasa na Timbuktu. Kizarma cha Niger, ambacho ni ndugu yake, huhesabu afo, hinka, hinza, taaci, gu, iddu, iyye, ahakku, yegga, iway. Kikorandje kimebaki na matatu ya mwanzo, affu, inka na inza, na kuanzia nne hutumia Kiarabu. Mpaka umesogea hatua moja kulinganisha na Siwa, lakini mchoro ni uleule: mabaki mwanzoni, mfululizo wa mkopo baadaye.

Ya pili ni Kidomari cha Jerusalem, lugha yenye asili ya Bara Hindi iliyozungumzwa na jamii ya Wadomu, na iliyoelezwa na Yaron Matras katika sarufi yake ya mwaka 2012. Hapa mchoro ni tofauti. Kidomari kimehifadhi maneno ya asili ya moja hadi tano, kisha kumi na mia. Sita hadi tisa ni za Kiarabu. Ukopaji haukuanza kileleni na kushuka hatua kwa hatua. Ulikula katikati na kuacha nguzo mbili zimesimama, mkono mmoja na mikono miwili, pamoja na mia.

Sasa tuweke lugha hizi pamoja na kuuliza swali la uhai. Kisiwi, chenye maneno mawili ya asili, bado kinarithishwa kwa watoto Siwa. Kikorandje, chenye matatu, kimedhoofika sana, kwa kuwa kwa miongo kadhaa wazazi wengi wameacha kukizungumza na watoto wao. Kidomari cha Jerusalem, chenye saba, kimebaki kwa wazee wachache mno. Tukifuata hukumu ya pili iliyotajwa katika utangulizi, mpangilio ungetakiwa kuwa kinyume kabisa. Lugha iliyohifadhi maneno mengi zaidi ndiyo iliyo karibu zaidi na kutoweka, na iliyopoteza mengi zaidi ndiyo yenye afya. Lugha tatu hazitoshi kuweka kanuni mpya, lakini zinatosha kuivunja ya zamani.

7.0 Kiswahili Katika Kioo Hiki

Kiswahili kinafanana na Kidomari kuliko kinavyofanana na Kisiwi. Ndani ya kumi, maneno yake ya Kibantu ni moja hadi tano, nane na kumi. Yale ya Kiarabu ni sita, saba na tisa. Ukihesabu, Kiswahili kina maneno saba ya asili, na Kidomari kina saba. Lugha moja inazungumzwa na makumi ya mamilioni na nyingine inazikwa pamoja na wazee wake. Haiwezekani idadi hiyo moja iwe kipimo cha hali zote mbili.

Kwa nini sita, saba na tisa? Maneno yaliyotangulia yanajulikana: tandatu, fungate na kenda. Katika lugha za Kibantu, maneno ya moja hadi tano yana mizizi iliyoenea sana, ilhali ya sita hadi tisa hutofautiana mno na mara nyingi huundwa kutokana na madogo. Katika tandatu sauti ya tatu bado inasikika, na nane inahusishwa na nne mbili. Eneo hilo la mfululizo lilikuwa laini tangu awali, na ndilo lililobadilishwa. Kidomari, kisicho na undugu wowote na Kibantu, kimekopa katika eneo hilohilo.

Mabadiliko hayo hayakutokea kwa siku moja. Katika karne ya 19, waandishi wa sarufi na kamusi bado waliweka kenda kando ya tisa. Kingazija, ndugu wa karibu wa Kiswahili, hadi leo kina mfukare kwa saba na shenda kwa tisa, ingawa Wangazija ni Waislamu kama Waswahili na wameishi na Kiarabu kwa karne nyingi. Jina Mijikenda limehifadhi kenda katika kinywa cha kila Mkenya. Fungate halikufa, liliondoka katika hesabu likakaa katika harusi, likimaanisha siku saba za maarusi. Neno la idadi linaweza kufukuzwa sokoni likapokewa nyumbani.

Mfano ulio wazi zaidi ni majina ya siku. Jumatano ni siku ya tano kwa hesabu inayoanza Jumamosi. Siku inayofuata ni Alhamisi, jina la Kiarabu ambalo nalo lina maana ya “ya tano”, kwa hesabu ya Waarabu inayoanza Jumapili. Wiki ya Mswahili ina siku mbili za tano zinazofuatana, na hakuna anayekosa miadi kwa sababu hiyo. Hesabu mbili zimeishi nyumba moja bila moja kuiua nyingine.

8.0 Athari kwa Utafiti na kwa Mipango ya Lugha

Matokeo haya yana uzito wa kiutendaji. Kwanza, orodha za msamiati wa msingi zinahitaji tahadhari. Orodha ya maneno 100 ya Morris Swadesh ina maneno mawili tu ya idadi, “moja” na “mbili”. Mtafiti atakayekwenda Siwa na orodha hiyo ataandika ejjen na sen, na kuripoti kwamba hesabu ya Kisiwi haijaguswa na Kiarabu. Atakayetumia orodha ndefu ya Swadesh, inayofika tano, ataripoti kwamba zaidi ya nusu imekopwa. Lugha haikubadilika kati ya ripoti hizo mbili. Kilichobadilika ni chombo.

Pili, katika kutathmini lugha zilizo hatarini, swali la msingi si Msiwi anasemaje “saba”, bali anamwambia nani neno hilo, na sentensi inayolizunguka ni ya lugha gani. Mzazi anayemhesabia mtoto tende kwa namba za Kiarabu ndani ya sentensi ya Kisiwi anarithisha Kisiwi. Mzazi anayejua mfululizo wote wa asili lakini hazungumzi lugha hiyo na mtoto harithishi kitu.

Tatu, ipo hoja ya kurejesha maneno ya asili. Tamazight ilitambuliwa kuwa lugha rasmi Moroko mwaka 2011 na Algeria mwaka 2016, na katika ufundishaji wa Kikabyle maneno ya tatu hadi kumi yamechukuliwa kutoka lugha ndugu zilizoyahifadhi. Hatua hiyo ina thamani yake ya kiutambulisho na haistahili kubezwa. Hata hivyo, inafaa ieleweke kuwa ni ujenzi wa sajili mpya ya shule na maandishi. Ikichukuliwa kama tiba ya lugha, inaweza kuzielekeza nguvu chache zilizopo mahali pasipo na ugonjwa.

9.0 Hitimisho

Historia ya maneno ya idadi katika Kisiwi inaonyesha jamii iliyokuwa na hesabu yake kamili, ikaingia katika soko, hati na ibada zilizoendeshwa kwa Kiarabu, ikapokea mfululizo wa Kiarabu na kubaki na maneno mawili ambayo sarufi yake iliyahitaji kwa kazi nyingine. Kikorandje na Kidomari vinathibitisha kwamba mpaka huo unaweza kukaa mahali tofauti, na kwamba mahali hapo hapatabiri iwapo lugha itaishi. Kiswahili, kwa sita, saba na tisa zake, ni mmoja wa mashahidi wa hoja hiyo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeulizwa kuhusu maneno hayo hana sababu ya kuyaonea haya, wala ya kutamani yang’olewe. Maneno hayo ni kumbukumbu ya mahali ambapo babu zake walifanyia biashara, waliandikia mikataba na walisomea, na lugha iliyoyapokea iliendelea kuyatumia kwa kanuni zake yenyewe.